Wakorea na bahari: kasri ilipoipa mgongo, watu wa visiwani waliendelea kuvua

MlangoWaBahari (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Tamthilia za Kikorea tunazotafsiriwa vibandani zimetuzoesha Mkorea wa aina moja: waziri anayelia mbele ya mfalme, jemadari juu ya farasi, binti wa jikoni anayempikia malkia. Bahari inaonekana kwa nadra, mtu akipelekwa uhamishoni. Ndiyo maana ukisikia nchi hiyo inakabana koo na China kwa kuunda meli kubwa duniani, unadhani ni ufundi wa juzi, waliouokota baada ya vita.

Mimi nabisha. Ila sitaki pia kuruka upande wa pili, ule wa hotuba za sikukuu, kwamba Wakorea wote ni mabaharia tangu enzi na enzi. Ninavyoona, kwa karne nyingi Korea ilikuwa na kasri iliyoiogopa bahari, na watu wa mwambao waliodharauliwa kwa sababu waliishi nayo. Kasri ilipobanwa iliwakimbilia hao hao. Ilipopumua iliwasahau, na kuna wakati iliwaua.

Nianze na harusi ambayo haikufungwa.

Enzi hizo sehemu kubwa ya rasi ya Korea ilikuwa chini ya ufalme wa Silla. Kijana mmoja aitwaye Jang Bogo, asiye na ukoo wa kutajwa, alivuka kwenda China ya nasaba ya Tang, akaingia jeshini huko na kupanda cheo. Akiwa China aliona kitu kilichomchoma: maharamia wakiwakamata watu wa kwao na kuwauza utumwani. Mwaka 828 alirudi, akaenda moja kwa moja kwa mfalme Heungdeok, akaomba kujenga kambi kwenye kisiwa cha Wando, kusini-magharibi, ili ailinde njia. Akapewa ruhusa na watu 10,000. Kambi ikaitwa Cheonghaejin.

Maharamia wakafagiwa, na biashara yote ikaanza kupitia mkononi mwake, China upande huu na Japani upande ule. Kuna mtawa wa Kijapani, Ennin, aliyekwenda China mwaka 838 kutafuta elimu ya dini akarudi 847, na alikuwa akiandika shajara. Humo, kila anapokwama, anayemkwamua ni mtu wa Silla. Wakalimani wa Silla, wenye vyombo wa Silla. Hekalu alilopata hifadhi huko Shandong lilijengwa na Jang Bogo, na hata chombo kilichomrudisha kwao kilikuwa cha watu wa Silla.

Sasa harusi. Mwaka 839 kwenye ugomvi wa kiti cha enzi, mwanamfalme aliyekuwa amekimbilia Wando alirudishwa mji mkuu na askari wa Jang Bogo, akawa mfalme. Hakumaliza mwaka, akafa, akarithiwa na mwanawe. Huyo mwana akataka kumuoa binti wa Jang Bogo. Mwaka 845 mawaziri wakagoma, na sababu yao imo kwenye historia rasmi ya ufalme: binti wa mtu wa kisiwani atakuwaje mke wa mfalme?

Baba akakasirika, kasri ikaingiwa hofu. Mwaka 846 akatumwa mtu ajifanye rafiki aliyeikimbia kasri. Akakaribishwa, wakanywa, na mwenyeji alipolewa akauawa kwa upanga wake mwenyewe. Mwaka 851 kambi ikafutwa na watu wa Wando wakahamishiwa bara, Gimje, kwenye uwanda wa mpunga. Watu walioshika biashara ya nchi tatu wakapewa majembe.

Nitaendelea, nipeni muda.

JogooLaShamba

Naweka kambi. Mkuu usitufanyie kama wenzako wanaoandika "nitaendelea" halafu tunawaona kwenye uzi wa mpira.

Kipimajoto

Umeandika vizuri lakini umeanzia 828 kana kwamba kabla ya hapo hawakuyajua maji ya chumvi. Na jingine, tajiri mmoja wa bahari si taifa. Korea ni milima na mpunga. Wengi wao walizaliwa na kufa bila kuiona bahari.

MlangoWaBahari

Kipimajoto, sawa, turudi nyuma.

Karibu na Ulsan, kusini-mashariki, kuna jabali la Bangudae lililochorwa michoro maelfu ya miaka kabla ya huyo Jang Bogo. Kuna nyangumi zaidi ya 50. Wapo waliochomwa chusa, wapo walio na mtoto mgongoni, na kuna mitumbwi yenye watu waliojipanga. Ni miongoni mwa picha za kale kabisa duniani za watu wakiwinda nyangumi. UNESCO waliliingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2025. Kichekesho ni kwamba bwawa la maji ya viwanda na mji lilikamilika 1965, michoro ikagunduliwa 1971, kwa hiyo kwa miongo mizima mvua zikizidi wale nyangumi wamekuwa wakizama kweli.

Wafalme nao walikuwa na bahari yao, ila waliiona kama mlango wa mwizi. Mfalme Munmu wa Silla, aliyekufa 681, aliusia azikwe baharini, upande wa mashariki, ili awe dragoni wa kuwazuia Wajapani. Miamba inayosemekana kuwa kaburi lake ipo hadi leo, mawimbi yanaipiga. Heshima kubwa kwa bahari, nakubali, lakini ni heshima ya mlinzi wa geti.

Kuhusu taifa la mpunga: huo mpunga ulifikaje mji mkuu? Milima unayoitaja ndiyo iliyofanya barabara ziwe taabu. Kodi ya nafaka kutoka mashamba ya kusini ilipakiwa kwenye vyombo na kupandishwa kaskazini kwa pwani ya magharibi, na vyombo vilizama mno. Sehemu mbaya kuliko zote ni mlango wa Anheung, huko Taean. Mwaka 1134 serikali ya Goryeo, ufalme uliokuja baada ya Silla, ilijaribu kuchimba mfereji ili meli zisipite pale, wakakutana na mwamba, wakashindwa. Waliofuata wakajaribu tena, wakashindwa pia. Mwaka 2007 mvuvi wa Taean alimvua pweza aliyekuwa ameshikilia sahani ya kaure ya kijani. Wapiga mbizi waliposhuka wakakuta chombo cha Goryeo chenye vyombo vya kaure zaidi ya 20,000. Kila aliyekula wali mjini alikula kilichovuka bahari, hata kama yeye hakuwahi kulowa mguu.

BahariaMstaafu

Nimesoma kimya kimya, sasa niingie kidogo maana huko nimefika kikazi.

Watu wa kwetu wakisikia bahari ya Korea hawaelewi upande wa magharibi ulivyo. Hapa kwetu, Mombasa au Dar, bamvua kubwa tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama mita 4. Incheon inakaribia mita 9. Bandari ya ndani pale ina malango makubwa, meli inaingizwa, lango linafungwa, maji yanashikiliwa ndani. Wasingefanya hivyo meli zingekaa matopeni. Septemba 1950 Wamarekani waliposhusha jeshi Incheon ilibidi wachague tarehe kwa jedwali la maji, siku zenye kina cha kutosha zilikuwa za kuhesabu. Ukikosea saa, mashua zako zinakaa kwenye matope mbele ya bunduki.

Sasa mtu wa kale akiunda chombo cha maji kama hayo hawezi kukiwekea mkuku mrefu. Vyombo vyao vilikuwa bapa chini. Maji yakipwa, chombo kinakaa wima juu ya tope kama sufuria mezani, watu wanashuka wanafanya kazi zao, maji yakirudi kinaelea. Kwenye bahari kuu chombo cha hivyo kinayumba sana. Kwenye mikondo, visiwa na mafungu, kinageuka palepale kilipo.

Kwa hiyo mleta uzi, usiilaumu kasri peke yake. Bahari yenyewe ile ilimfundisha mtu kukaa karibu na nchi.

MlangoWaBahari

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya chombo bapa nilikuwa naitunzia kwa Yi Sun-sin, jemadari wa majini aliyepambana na Wajapani walipoivamia Korea mwaka 1592, umenitangulia. Sibishani na matope, lakini angalia Goryeo, waliokuwa na bahari hiyo hiyo.

Mwanzilishi wa Goryeo, Wang Geon, alitoka familia ya wafanyabiashara wa bahari wa Songak, mji uliokuja kuwa mji mkuu wake. Kabla hajawa mfalme mwaka 918 alikuwa kamanda wa merikebu, na tangu 903 alizunguka kwa bahari akaishika Naju, nyuma ya mgongo wa adui yake. Akaoa binti wa huko huko Naju, na mtoto wao ndiye aliyemrithi. Huyo hakuona aibu ya kuoa pwani! Chini ya wafalme wa ukoo wake bandari ya Byeongnando ilipokea Wachina, Wajapani, na mwaka 1024 na 1025 Waarabu. Ndiyo, wakati huohuo Waarabu wanashuka Kilwa na Lamu, wenzao walikuwa wanapiga bei mlangoni mwa Songak.

Na Wamongoli walipokuja, kasri ilifanya nini? Mwaka 1232 ikahamia kisiwa cha Ganghwa. Mkondo mwembamba tu, unaona ng'ambo, lakini kwa matope na mkondo ule wapanda farasi walioiteka nusu ya dunia hawakuvuka. Kasri ikakaa pale hadi 1270. Waliobaki bara ndio waliolipa gharama, vijiji vikachomwa. Hapo sitaisifia kasri.

Nasaba ya Joseon, kuanzia 1392, ndiyo iliyoipa bahari mgongo. Maharamia wa Kijapani walikuwa wamesumbua tangu 1350. Mwaka 1380 pale Jinpo, baruti ya Choe Museon ilichoma meli zao 500, na mwaka 1419 Joseon ikapeleka meli 227 kwenda kuipiga Tsushima, kisiwa cha Japani, kwenyewe. Uwezo ulikuwepo. Wakachagua njia rahisi: visiwa vya mbali kama Ulleungdo vikaondolewa watu. Kisiwa kikiwa tupu, hakuna wa kuibiwa na hakuna wa kukwepa kodi. Anayekwenda kwa siri anarudishwa na kuadhibiwa.

Na wakati huo huo mabwana hawa walikuwa na ramani! Mwaka 1402 wanazuoni wa kasri ya Joseon walichora ramani ya dunia kwa kuunganisha ramani zilizotoka China, zenye elimu ya Waislamu ndani yake. Afrika imo, nyembamba, ncha ya kusini ikizungukwa na bahari, na ziwa kubwa tumboni. Mreno alikuja kuizunguka ncha hiyo mwaka 1488. Waliichora pwani yetu, halafu wakawakataza wavuvi wao kulala Ulleungdo.

Kipimajoto

Hapo kwenye ramani umenikamata, nimeitafuta nikaiona. Ila ukija kwa Yi Sun-sin usisahau ile meli ya kobe, meli ya kwanza ya chuma duniani. Hiyo ilitoka serikalini, si kwa wavuvi.

MlangoWaBahari

Meli ya kobe ilikuwepo, ya chuma hapana. Yi mwenyewe kwenye taarifa yake ya vita ya 1592 anasema ina kichwa cha dragoni mbele cha kurushia mizinga, na mgongo uliopandwa miiba ya chuma ili adui asirukie juu. Bati la chuma hakulitaja. Na zilikuwa chache mno. Kazi kubwa ilifanywa na meli za kawaida za sitaha mbili, hizo bapa alizozieleza mzee, za msonobari mnene, zilizobeba mizinga. Zilianza kuundwa mwaka 1555. Wajapani walitaka kusogea, kukamata na kupigana kwa mapanga juu ya sitaha. Wakorea walikaa mbali na kuwamiminia mizinga. Pale Hansan, mwaka 1592, adui aliingia na meli 73, na 59 zikazama au zikatekwa.

Yi hakuwa mtoto wa pwani. Alizaliwa mji mkuu, akatumikia mpaka wa kaskazini, na akapewa kikosi cha merikebu Yeosu mwaka 1591 tu, mwaka mmoja kabla ya vita. Mikondo aliijulia wapi? Kwa wenyeji. Alikuwa na Eo Yeong-dam, hakimu wa Gwangyang, aliyezijua njia za maji za kusini. Kwenye taarifa alizopeleka kasri baada ya mapigano aliorodhesha majina ya waliokufa, na humo wamo watumwa na wavuvi, majina kamili. Kwa zama zile hilo si jambo dogo. Kupiga kasia kwenye manowari kulihesabika kazi ya watu duni, na mtoto alirithi utumishi huo kwa baba.

Mwaka 1597 kasri ilimfunga kwa fitina. Aliyechukua nafasi yake alipeleka kundi zima Chilcheollyang likaangamia, zikabaki meli 12. Yi akarudishwa kazini, na kasri ikamshauri aachane na bahari, ajiunge na jeshi la nchi kavu. Akajibu kwa barua kwamba bado anazo meli 12. Ikaongezeka moja. Akazipanga 13 kwenye mlango wa Myeongnyang, kati ya Jindo na bara, dhidi ya meli zaidi ya 130. Nyuma kwa mbali zilijipanga mashua za wakimbizi wa mwambao, ili adui adhani ni kikosi cha akiba.

Mzee wetu, wewe umepita maji yale?

BahariaMstaafu

Meli kubwa haipiti pale, ila nimesimama darajani juu yake. Mkondo unafika hadi noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa. Maji yanavuma, unayasikia kabla hujayaona. Merikebu za makasia zikiingia humo na mkondo, kurudi haiwezekani, na mkondo ukigeuka zinarundikana zenyewe kwa zenyewe. Meli 130 pale ni hasara, maana mlangoni zinaingia chache tu. Mtu aliyechagua mahali hapo aliambiwa na mvuvi, sina shaka.

BintJambiani

Assalamu alaykum nyote. Naona vita, wafalme, manahodha. Wanawake hamjawataja ila yule binti aliyekataliwa harusi. Sie huku Unguja mwanamke ndiye mwenye pwani: maji yakitoka unakwenda kuchokoa pweza, unakwenda kwenye mwani. Nimeona video za mabibi wa Kikorea wanazama bila mtungi wa hewa. Hao ni nani, na waume zao wako wapi?

MlangoWaBahari

Wa alaykumu salaam dada. Hao ni haenyeo wa kisiwa cha Jeju, na swali lako la waume ndilo lenye hadithi.

Zamani kuzamia abaloni, yule konokono mkubwa wa miambani, ilikuwa kazi ya wanaume. Tatizo, kasri ilizitaka kama kodi. Jeju ilidaiwa abaloni, machungwa na farasi, na kiwango hakikujali kama bahari imechafuka au la. Wanaume wakawa wanatoroka na mashua, familia kwa familia, kwenda kuishi pwani za bara. Mwaka 1629 kasri ikapiga marufuku mtu wa Jeju kutoka kisiwani, na marufuku ikadumu karibu miaka 200. Wanaume walishapungua, kodi haikupungua, na kazi ikawaangukia wanawake. Watu wanapenda kusimulia kama hadithi ya wanawake jasiri tangu mwanzo. Ujasiri upo, ila mlango wake ulikuwa deni.

Wanazama hadi mita 10, pumzi kama dakika moja kila mara, wakipanda wanapuliza mluzi wa kipekee wa kutoa hewa. Wana boya, zamani lilikuwa kibuyu, lenye wavu wa kuwekea mavuno. Wana madaraja matatu kwa uwezo, na wa daraja la juu ndiye anayesikilizwa akisema leo bahari haifai. Mitungi ya hewa wameikataa wao wenyewe, kwa sababu mwenye mtungi angemaliza mwamba kwa msimu mmoja.

Mwaka 1932, chini ya ukoloni wa Japani, ushirika uliotawaliwa na Wajapani ulikuwa unawapunja bei. Waliandamana na zana zao za kuvulia mikononi. Wengi walikuwa wamezoea kusafiri kwa msimu kwenda kuzamia Japani, Dalian hadi Vladivostok, kwa hiyo usidhani walikuwa washamba wa kisiwani. UNESCO iliwatambua 2016. Miaka ya 1960 walikuwa zaidi ya 20,000; leo hawafiki 3,000, na wengi wamevuka miaka 60. Walisomesha mabinti zao kwa pesa ya bahari ili wasizamie.

BintJambiani

Hapo mwisho umesema kweli, hata sie hatutaki watoto wetu wakeshe kwenye mwani. Tofauti ni kuwa wetu unapakiwa magunia unakwenda ng'ambo, hatuuli.

MlangoWaBahari

Wao wanaula kila siku. Mwanamke akijifungua anapewa supu ya mwani, na kila siku ya kuzaliwa mtu anakunywa supu hiyo hiyo. Na Wando ya Jang Bogo leo ndiyo moja ya vituo vikuu vya kilimo cha mwani na abaloni nchini.

MtuWaLamu

Niaje wadau. Mimi nasoma nikiwa Lamu. Mbona hamjataja kuwa hawa jamaa wamekuwa kwa bahari yetu kitambo? Mwezi wa Oktoba 2010 meli ya uvuvi ya Kikorea, Keummi 305, ilitekwa na maharamia wa Kisomali hapa karibu na Lamu. Mabaharia wengi ndani walikuwa Wakenya. Wakaachiliwa Februari 2011. Familia za hapa pwani zilikaa roho juu miezi yote hiyo.

MlangoWaBahari

Shukrani kaka, hilo ni letu kabisa. Meli ya kwanza ya Korea kwenda kuvua jodari bahari ya mbali, Jinam, iliondoka Busan Juni 1957, na ilikuja Bahari ya Hindi. Nchi ilikuwa majivu matupu baada ya vita, dola zilitafutwa kwa ndoano. Tangu hapo Wakorea wamezikwa Samoa na Las Palmas, mabaharia wa jodari ambao hawakurudi.

Maharamia walipozidi, mwaka 2009 Korea ilileta manowari Ghuba ya Aden na kikosi wakakiita Cheonghae, jina la ile kambi ya Wando. Januari 2011 makomando wake waliikomboa meli ya mizigo Samho Jewelry na mabaharia wote 21. Watano kati ya maharamia wakapelekwa Busan kuhukumiwa.

JogooLaShamba

Na hizo meli kubwa? Ulianza nazo ukazitupa.

MlangoWaBahari

Sijazitupa. Baada ya vita vya Kaskazini na Kusini kusitishwa 1953, Korea Kusini ikawa kisiwa bila kutaka. Kaskazini mpaka umefungwa, huwezi kutoka kwa gari wala treni. Wengi walifika kusini kwa meli. Desemba 1950 pale Hungnam walihamishwa raia karibu 100,000, na meli moja ya mizigo, Meredith Victory, ilibeba 14,000, wakazaliwa watoto watano njiani. Kasri haikuwa tena na nchi kavu ya kukimbilia.

Mwaka 1971 Chung Ju-yung wa Hyundai, mtoto wa mkulima, alikwenda Uingereza kutafuta mkopo wa karakana ya meli ambayo haikuwepo. Alitoa noti ya won 500 yenye picha ya meli ya kobe akawaambia sisi tuliunda hii miaka ya 1500. Kisha tajiri wa Kigiriki, Livanos, akampa oda ya meli mbili za mafuta za tani 260,000 kila moja. Ufukwe wa Ulsan ulichimbwa 1972, na karakana na meli vikajengwa pamoja. Noti inasimuliwa sana, lakini meli ziliundwa na vibarua waliojifunza kuchomelea hapo hapo kazini.

Ila tabia ya zamani haijafa. Kwenye matope ya Saemangeum, kati ya Gunsan, Gimje na Buan, mwaka 1991 serikali ilianza kujenga ukuta wa kilomita 33.9 ili kuikausha bahari iwe mashamba ya mpunga. Wachokoaji wa chaza waliandamana, watawa walitembea kwa kusujudu kila hatua tatu hadi Seoul, kesi ikafika Mahakama ya Juu. Ukuta ukafungwa 2006, na mwaka 2021 matope yaliyosalia sehemu nyingine za pwani hiyo yakawa Urithi wa Dunia.

Kipimajoto

Nimebaki na moja. Umetuambia watu wa pwani walidharauliwa. Basi habari zao umezipata wapi? Walioandika ni haohao wa kasri. Inawezekana unawasemea.

MlangoWaBahari

Swali la haki. Jibu ni kwamba kuna nyakati kasri ilimtupa msomi wake pwani, na msomi akapata akili ya kusikiliza.

Mwaka 1801 Jeong Yak-jeon alihamishwa kwa ajili ya Ukatoliki, akaishia Heuksan, kisiwa cha mbali. Hakurudi, alifia uhamishoni mwaka 1816. Huko akaandika kitabu cha viumbe wa baharini, akakimaliza 1814, na kwenye dibaji anamtaja kijana wa kisiwani, Jang Chang-dae, aliyemfundisha samaki mmoja mmoja. Bila dibaji hiyo tusingejua kama Chang-dae aliishi.

Huyo huyo Jeong aliandika habari za mtu mwingine: Mun Sun-deuk, mfanyabiashara wa samaki taa kutoka kisiwa cha Ui. Mwishoni mwa 1801 Mun alipakia taa, mwanzoni mwa 1802 dhoruba ikamchukua hadi Ryukyu, visiwa vya kusini mwa Japani. Akapandishwa chombo cha kupelekwa China, dhoruba ikakipiga tena, akatua Luzon, Ufilipino. Akajifunza lugha, akapitia Macau na Beijing, akafika kwao 1805. Kumbuka nchi wakati huo imefungwa, kutoka bila ruhusa ni kosa. Muuza taa ameona dunia kuliko mawaziri wote.

Sasa sikia. Mwaka huo huo wa 1801 watu watano wasiojulikana walitupwa na bahari kule Jeju. Hakuna aliyewaelewa. Wakapelekwa China, China ikasema si wetu, wakarudishwa. Miaka ikapita, wengine wakafa. Mwaka 1809 akaletwa Mun Sun-deuk, akawasemesha lugha ya Luzon. Kumbukumbu za kasri zinasema walilia na kupiga kelele kama wendawazimu. Wakarudishwa kwao. Hilo limo kwenye kumbukumbu za mfalme, Kipimajoto, sijamsemea mtu.

Kipimajoto

Hiyo naichukua. Nitarudi na swali la Ganghwa, hapo bado hatujamalizana.

JogooLaShamba

Mimi nimebaki kwa huyo muuza taa. Dhoruba zote hizo kwa ajili ya taa? Huyo samaki ana nini?

BahariaMstaafu

Jogoo, hujaonjeshwa. Taa wa Heuksan alisafirishwa siku kadhaa kwa mashua hadi Yeongsanpo, huko Naju, mtoni. Samaki wengine wakioza njiani unatupa. Taa mwili wake una urea nyingi, inageuka amonia, na amonia inazuia kuoza kwa kweli. Kwa hiyo anafika ananuka kama choo cha stendi lakini hakudhuru. Wenyeji wanasema walianza kumla hivyo tangu watu wa visiwani walipohamishiwa Naju enzi za maharamia.

Nililetewa sahani yake, mbichi, amekatwa vipande, na kimchi (kabichi iliyochachushwa) ya siku nyingi na nyama ya nguruwe pembeni. Nguruwe nilimwacha. Taa nilitia mdomoni kipande kimoja, machozi yakanitoka, pua ikafunguka hadi kwenye ubongo. Wenyeji mezani wakapiga makofi wakaniongezea. Cha pili kiliteremka vizuri zaidi, cha tatu nikaomba mwenyewe.